Mwenye Hati Yupo

Mimi si mtu wa kuamkia watu ovyo. Shikamoo naitoa kwa anayestahili, na kipimo changu cha kustahili ni umri, basi. Kwa hiyo siku ya arobaini ya baba, wazee wa upande wake walipomkalisha mtoto wa shangazi mkekani, wakamvika koti la baba la kaki, wakamshikisha fimbo ya baba na kumtamka kwa jina la baba, halafu wakanigeukia mimi nikapige goti nimwamkie, niliona wananitania. Binamu yule nilimzidi miaka mitano. Nilimbeba mgongoni, akanikojolea. Nikamwambia, "Habari za tangu asubuhi?" nikaenda zangu jikoni kuosha masufuria.

Ndivyo Waluguru tulivyo, au walivyo wale wanaoshika mila. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume akifa jina lake hurudi kwa dada yake. Mpwa hulirithi, na akishalirithi amekaa mahali pa marehemu. Hamwakilishi, ni yeye. Watoto wa marehemu humwita baba. Mjane humwita mume wangu, na hapo hakuna habari za chumbani, ni heshima na utani tu. Tangu siku hiyo hakuna anayesema fulani amekufa. Atasemaje, na fulani yuko pale anakula ugali?

Mama aliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Siku ya mazishi alilia mpaka sauti ikakauka, lakini baada ya arobaini sikumsikia tena akilia. Binamu alikuwa mkulima wa kabichi huko Mgeta, na kila lori lilipomshusha mjini na mzigo wake alipitia kwetu na kabichi mbili tatu. Mama alimtolea kiti cha baba. "Karibu mume wangu, ulipotelea wapi siku zote hizi?" Wakacheka. Mimi nilipita mlangoni nikasema, "Habari," kama unavyomsalimia mtu wa kusoma mita za maji, naye akanijibu kwa upole, "Nzuri, mwanangu." Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Tuliishi hivyo karibu miaka mitatu, mpaka habari ya hati ilipoanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mpiga taipu katika kiwanda kimoja cha serikali pale Morogoro, na kiwanda kikawa kinasubiri mwekezaji. Tulipokuwa tunamsubiri tukapunguzwa. Waliniruhusu ninunue taipureta yangu kuukuu iliyokuwa inaruka herufi ya "k", nikaiweka barazani kwa mama, nikaanza kuwapigia watu barua. Wakati huo kila mtu alikuwa na barua ya kupeleka mahali. Mwalimu alitaka leseni ya duka, nesi alitaka leseni ya mitumba, na mstaafu wa reli aliomba kufungua mashine ya kusaga. Ilikuwa ruksa, na ruksa inahitaji maombi.

Jirani yetu wa upande wa barabara aliuza kiwanja chake kwa mfanyabiashara mmoja. Nyumba ilivunjwa kwa siku moja, na kabla mwaka haujaisha gesti ya ghorofa ikasimama pale, madirisha yake yakichungulia bafu letu. Huyo mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alimpa mama shikamoo, na kila asubuhi aliongeza, "Mama, hujaamua tu?" Mama alimjibu kwamba ameshaamua tangu alipoolewa.

Siku moja alikuja mteja, mzee wa mtaa wa pili, akitaka nimpigie barua ya kuomba kuongezewa muda wa hati ya kiwanja chake. Nikapiga "Ninayo heshima," nikapiga namba ya kiwanja, na nilipofika kwenye "muda wa miaka thelathini na tatu unaokaribia kwisha" vidole vikasimama. Nilimmalizia barua yake, nikaingia ndani nikamwomba mama kasha la biskuti.

Mama hakujua kusoma. Hati aliijua kwa muhuri wake mwekundu, na aliitoa kwenye kasha kwa uangalifu kama anatoa yai kwenye kiota. Nikaisoma. Baba alipewa kiwanja mwaka mmoja kabla ya uhuru, kwa miaka thelathini na tatu. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Ilikuwa imebaki miezi minne.

"Maana yake nini?" mama akauliza.

"Maana yake muda wa nyumba unakwisha."

"Nyumba ina muda?"

"Nyumba haina. Ardhi ndiyo ina muda."

Akafikiri. "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tumepanga?"

"Tumepanga kwa serikali, mama."

"Na baba yako alijua?"

"Alitia sahihi."

Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyegundua kwamba mumewe alimficha kitu. Halafu akatazama ukuta. Matofali ya nyumba ile aliyasomba yeye mwenyewe kutoka mtoni, tumbo likiwa na mimi. Sisi sote tulizaliwa katika chumba cha nyuma, na wadogo zangu wawili walifia humo humo. Kaka zake wa Mlali walikuwa wamemwambia mara nyingi arudi, shamba la mama yao lipo na hakuna wa kumfukuza. Ni kweli hakuna wa kumfukuza. Lakini yeye alitaka kitu kimoja tu duniani, afe akiwa kwenye chumba kile, na alikuwa amekisema wazi mara nyingi kiasi kwamba tulikwisha kukizoea.

Tukaenda ofisi ya ardhi. Afisa alikuwa mtu wa bara ya mbali, kutoka kanda ya Ziwa, mwenye sauti ya kanisani. Alisimama akampa mama shikamoo, akampa kiti, akaikunjua hati.

"Mama, huyu mwenye hati yupo?"

"Yupo," mama akasema.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Afisa alikuwa anauliza kama mtu yule anapumua. Mama alikuwa anajibu kwamba jina lina mwenyewe. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeelewa lugha zote mbili, na zote mbili zilikuwa Kiswahili. Nikaufunga mdomo. Niliwahi kuwapigia watu barua za mirathi, nilijua njia yake: cheti cha kifo, na baba tulimzika Mgeta bila cheti, kikao cha ukoo, mahakama, tangazo, kurudi wiki ijayo. Tulikuwa na miezi minne. Nikasema moyoni, acha iende. Mtu aliyekataa kumwita binamu yake baba kwa sababu ya shikamoo alikubali awe baba kwa sababu ya foleni.

"Vizuri," afisa akasema. "Basi aje mwenyewe na picha mbili, atie sahihi."

Barua nikaipiga mimi. "Mimi mmiliki wa kiwanja kilichotajwa hapo juu." Bila ya "k" kuruka hata mara moja.

Kumfuata binamu ilibidi nipande lori la wachuuzi mpaka Mgeta, halafu nishike njia ya miguu ile inayokwenda juu kama ngazi isiyo na mwisho. Nilimkuta kwenye matuta yake akimwagilia kabichi kwa kopo. Mke wake alinikaribisha. Nikaeleza yote, wima, bila salamu ya maana. Binamu alisikiliza, akaweka kopo chini.

"Anataka niende nikaseme mie ndiye?"

"Wewe si ndiye? Si ndivyo mlivyosema mkekani?"

"Ndivyo," akasema. "Ila serikali haikuwepo mkekani."

Nilimwona mshamba anayeogopa ofisi. Leo najua kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameona mbele, na mimi mwenye taipureta sikuona kitu. Lakini alisema mama akimwita hawezi kukataa, akaja.

Alikuja amevaa koti la kaki, amenyoa, ameshika fimbo. Mama alikuwa na furaha kama anakwenda harusini. Tukaingia ofisini watatu, mama akasema, "Huyu hapa." Afisa akamtazama binamu, akaitazama hati, akamtazama tena.

"Wewe ndiye mmiliki?"

"Ndimi."

"Ulizaliwa lini?"

"Miaka mitano baada ya uhuru."

Afisa akaigeuza hati akamwonyesha kwa kidole. "Kiwanja ulipewa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mzee, kiwanja kimekupita umri."

Masijala nzima ilicheka. Karani mmoja aliinama chini ya meza kwa kicheko. Mama naye alianza kutabasamu, akidhani ni utani wa heri, mpaka alipoona uso wa afisa. Afisa hakuwa anacheka. Alikuwa amechukua barua yangu, anaisoma tena taratibu, na aliuliza nani ameipiga.

"Mimi," nikasema.

"Unajua hii inaitwa nini? Hii ni kughushi."

Mama akaanza kumweleza. Alieleza vizuri sana, arobaini, mkeka, koti, jina, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kutamani sakafu inimeze, kwa sababu kila neno lake lilikuwa la kweli na kila neno lilituzamisha. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kwao, alisema, mtu akifa amekufa. Hakuita polisi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alichukua kalamu nyekundu akaandika juu ya faili neno moja: utata.

"Mama yangu, nisikilize. Kuna watu wameshaulizia kiwanja hiki. Muda ukiisha bila mtu mwenye haki, mimi sitakuwa na la kufanya. Leteni mirathi. Msimamizi athibitishwe mahakamani, nami nitaongeza muda kwa jina lake. Lakini hapa na mahakamani mseme lililotokea. Mwenye hati amekufa."

Mama alisimama akatoka nje bila kuaga.

Nyumbani ndiyo yakawa matanga mapya. Nilimwambia ni neno moja tu. Alinijibu hilo neno moja hatalisema.

"Siku ya arobaini tulikaa watu wazima tukasema hajafa. Leo nikamuue mahakamani, kwa ajili ya matofali?"

"Mama, alikwisha kufa. Tulimzika."

"Wewe ulimzika. Hukumpokea."

Nikapandwa na jazba nikamwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia. Nilisema basi tukatandike mkeka tulale ndani ya jina, tuone kama halivuji. Alikwenda kukaa chumba cha nyuma akafunga mlango, na kwa siku tatu aliongea nami kupitia kwa kuku: "Kuku, mwambie mwenzio chakula kipo."

Siku zile niliogopa sana. Nilisikia kila nyundo iliyogonga kule gestini nikadhani inagonga kwetu. Yule mfanyabiashara aliacha kuuliza kama mama ameamua. Sasa alikuwa anasalimia tu na kupita, na hilo lilinitisha kuliko maswali. Nilijua kuwa tukiipoteza nyumba mimi ndiye niliyeipoteza, kwa sekunde ile moja ya kufunga mdomo. Na sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama hivyo.

Aliyekata mzizi wa fitina ni binamu. Alishuka na lori siku ya mzigo, akasikia hali ilivyo, akaenda kukaa mlangoni pa mama. Nilikuwa barazani, nasikia yote.

"Mke wangu," akaanza, halafu akasita. "Mke wa mjomba."

Hakuwa amemwita hivyo tangu arobaini.

"Weye usiseme. Mie ndiye niliyevishwa koti, mie ntalivua. Ukisema weye, utakuwa umemkana mumeo. Nikisema mie, nimerudisha nguo tu."

Mwishowe nikasikia komeo la mlango likifunguliwa.

Ukoo ulikaa, na wazee wakanung'unika sana kabla ya kukubali. Mjumbe wa nyumba kumi akaandika barua ya kuthibitisha kifo badala ya cheti, tangazo likabandikwa ubaoni pale mahakama ya mwanzo, na ofisi ya ardhi, kwa hisani ya yule afisa, ikaandika kwenye faili kwamba shauri liko mahakamani, kwa hiyo muda ulipoisha hawakutugusa. Siku ya kusikilizwa mvua ilikuwa inanyesha, na milima yote imejificha. Binamu alikuja na koti. Alisimama kwenye mlango wa mahakama, akalivua, akalikunja mara mbili, akampa mama. Alibaki na shati jembamba, na akawa mwembamba ghafla, mtu wa kawaida tu wa Mgeta.

Hakimu akamuuliza, "Wewe ndiye unayeitwa kwa jina la marehemu?"

"Niliitwa."

"Wewe ni yeye?"

Akalitazama koti mikononi mwa mama.

"Mie siye. Mie mpwa wake. Mjomba amekufa. Nyumba mie siidai, ni ya mkewe."

Mama alikuwa ameshika koti kifuani. Hakimu alipomgeukia akamuuliza kama anayathibitisha hayo, nilijua anaweza kukubali kwa kichwa na ingetosha. Lakini mama alisimama, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwa wanaosubiri, "Amekufa. Mume wangu amekufa." Akakaa. Akaanza kulia palepale, kilio kile cha siku ya mazishi kikiendelea pale kilipokatikia. Hakimu akaweka kalamu chini akangoja. Hakuna aliyemharakisha.

Mama alithibitishwa msimamizi, na hati mpya ikatoka baada ya miezi mingi, kwa jina lake, miaka mingine thelathini na tatu. Nilimsomea. Akauliza itakapokwisha atakuwa na umri gani, nikamwambia, akasema hapo atakuwa amepanga kwa Mungu. Akaiweka kwenye kasha la biskuti. Koti akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na halikuvaliwa tena na mtu. Wazee wa ukoo hawakulitoa jina lile kwa mwingine. Walisema jina lililokanwa mahakamani limeungua.

Binamu hakupita kwetu kwa muda mrefu. Kabichi zilikuja kwa mkono wa dereva wa lori. Siku za mzigo mama alitoa kiti cha baba barazani, na jioni akakirudisha ndani mwenyewe.

Siku aliyokuja nilikuwa kwenye taipureta. Alikuwa amevaa sweta la mtumba lenye maandishi ya nchi gani sijui, amebeba kabichi mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Nilikuwa nimeamua, na kwa mtu kama mimi kuamua hivyo si mchezo. Nikainuka, nikapiga goti pale pale kwenye saruji.

"Shikamoo, baba."

Aliweka kabichi chini. Akanishika mkono akaninyanyua, na hakuitika.

"Mie si baba yako tena," akasema. "Nilisema mbele ya hakimu." Halafu akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa utotoni, kabla ya koti, kabla ya yote. "Shikamoo, dada."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeidai shikamoo ile, kila alipopita mlangoni. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kiti mikononi, anasubiri kusikia.

"Marahaba," nikasema.